Pumzi ya Fundi wa Makochi

Jumapili, tarehe 15 Machi

Nimeposwa!

Sasa kaa chini. Kama umesimama na kikombe cha chai, kiweke mezani. Nimeposwa mimi, mama yako mzazi, wala si ndoto na wala sina homa. Jirani yangu Mama Pacha ni shahidi, alikuwa nyuma ya mlango akijifanya anafagia.

Haya, tusalimiane kama watu. Hujambo mwanangu, kifunguamimba wangu? Unakula? Hizo zamu za usiku bado zinakukausha? Mimi sijambo, ila goti langu moja linajifanya limezaliwa kabla yangu. Nakuandikia barua kwa sababu mimi na simu hatupatani. Ukiwa macho nimelala, nikiwa macho umelala, na salio huniishia hoja ikiwa bado mdomoni. Karatasi hainikatizi.

Mposaji ni fundi wa makochi. Unakumbuka kiti cha marehemu baba yako, kile cha karibu na dirisha, kilivyokuwa kimetoa sponji kama ng'ombe aliyetoa ulimi? Nilimwita aje akitengeneze. Kazi ya siku mbili, mtu akaifanya mwezi. Leo misumari imeisha, kesho uzi si rangi yake. Nikasema moyoni, huyu ama hajui kazi ama anaijua mno. Siku aliyofungua kitambaa cha zamani aliniita. "Mama, kiti hiki kimeshika umbo la mtu. Nilitoe au nilibakize?" Nikaenda jikoni nikajifanya naangalia sufuria. Niliporudi nikamwambia, "Libakize kidogo." Akalibakiza kidogo. Sasa niambie, mwanamume wa namna hiyo unamwokota wapi?

Naye ni mgane, mkewe alitangulia zamani, na wanawe wana miji yao. Na tabia! Hana haraka na dunia. Tukienda sokoni husimama kila baada ya nyumba mbili tatu, anashika ukuta, anaangalia maua ya watu. Maneno yangu hajawahi kuyakatiza. Husema machache, anapumzika, anaongeza mengine, kama mtu anayepima kila neno kwenye mizani. Hata kulala halali ovyo, huegemea mito mitatu kama mfalme. Usiniulize nimejuaje, ameniambia mwenyewe.

Habari zako anazo zote. Nimemwambia binti yangu ni daktari mkuu wa pumzi, na kwamba asipokuwepo yeye hospitali nzima inaziba pua. Akaogopa kidogo, nikafurahi. Amesema hatanioa mpaka utamke mwenyewe kwamba umeridhia. Nami nimesema hivyo hivyo: sitampa ndiyo kabla hujanipa ndiyo. Baba yako hayupo, mkubwa wa nyumba ni wewe. Tamka upesi mwanangu. Mzee wa watu anasubiri, na mimi subira sikuzaliwa nayo.

Mama yako, mchumba wa mtu


Jumapili, tarehe 29 Machi

Mama yangu, shikamoo. Goti nalo nimelisalimia.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za hospitali, natoka zamu, begi bado begani. Nilicheka mpaka mlinzi wa getini akaniuliza kama nimepewa likizo. Nikamwambia, mama yangu ameposwa. Akasema, "Mpe hongera. Halafu muulize kama ana dada."

Mimi mzima. Nakula. Jua likichomoza nafunga pazia, natundika blanketi juu ya pazia, nalala kama popo.

Ila mama, mimi si daktari mkuu, wala daktari mdogo. Nimekuambia na nitarudia: ni mtaalamu wa tiba ya upumuaji. Daktari anaandika dawa, muuguzi anauguza, mimi nakaa na pumzi. Napita kitanda kwa kitanda. Naangalia mashine zinazowapumulia walioshindwa, nawavuta makohozi kwa mrija, nabana barakoa isivujishe hewa, naweka sikio kifuani nasikiliza. Usiku kucha nasikiliza. Ndiyo maana barua yako ilinichekesha, halafu ikanifanya niisome upya.

Mtu anayesimama kila baada ya nyumba mbili na kushika ukuta, mama, haangalii maua. Anayesema machache akapumzika, huenda ana hekima, na huenda hewa imemwishia. Na mito mitatu si ufalme. Wafalme wa namna hiyo ninao wodi nzima.

Sitaki kukuharibia furaha, nataka kujua tu. Anakohoa? Anavuta sigara? Karakana yake ina dirisha? Akipanda ngazi midomo yake inabadilika rangi? Ameshapimwa kifua? Na unifanyie jambo moja. Mwambie avute pumzi, aseme "aaa" mpaka imwishie, umrekodi kwa simu ya Mama Pacha unitumie. Nitaelewa mengi. Tafadhali usimsaidie.

Binti yako anayekupenda


Jumapili, tarehe 12 Aprili

Mwanangu, hujambo? Mimi mzima, mchumba wangu mzima, sote wazima mno.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mama, mara ya pili kama mshtakiwa.

Kukohoa anakohoa, nani hakohoi? Makochi ya watu yana vumbi la ukoo mzima. Ukilipiga kofi kochi la zamani unakutana na babu yao. Sigara anavuta moja tu, baada ya kazi. Na baada ya chakula. Na akiwa na mawazo. Karakana ina mlango mzuri sana. Dirisha lipo, ila ameliegeshea kochi la mwalimu mkuu. Midomo yake akipanda ngazi sijaikagua, mimi ni mwanamke wa heshima.

Sauti nilikutumia jana. Umeisikia ile "aaa"? Mama Pacha alitoka uani mbio akidhani ni honi ya lori. Paka alikimbia, hajarudi mpaka naandika. Hayo ndiyo mapafu ya kuogopwa? Mwenye kifua kama kile atatuzika sote, na hotuba atatoa yeye.

Basi wasiwasi wako nimeuondoa. Gauni nimeshapimwa kwa fundi cherehani, rangi ya maziwa. Nimemwambia aache nafasi kidogo kiunoni, furaha inanenepesha. Kilichobaki ni neno lako moja.

Mama yako asiye na wasiwasi


Alhamisi, tarehe 16 Aprili

Mama, shikamoo.

Huyo aliyesema "aaa" si yeye.

Simjui ni nani. Kwa ukelele ule, ni mtu anayeuza kitu barabarani. Lakini nilivaa hedifoni, nikafumba macho, nikasikiliza kama ninavyosikiliza kazini. Nyuma ya ile "aaa" kuna mtu mwingine chumbani. Anavuta hewa kwa mluzi mwembamba, anaitoa kwa shida kama anasukuma kabati, na kabla hajaimaliza anavuta nyingine. Mara moja anajaribu kukohoa kwa siri. Huyo ndiye mchumba wako. Umeniletea kifua cha mtu mwingine, ukasahau kumtoa mwenyewe chumbani.

Siku nyingine ningecheka.

Nikueleze ninachokiona mimi. Kando ya vitanda vyangu kuna viti vya plastiki, na kwenye viti wamekaa wake za watu. Wameshika mikono isiyowashika. Mashine ikilia wanaruka, wananitazama mimi kana kwamba hewa nimeificha mfukoni. Wengine nimewafundisha mwenyewe kulala wamekaa. Kiti hicho sitaki kukuona umekikalia. Baba ulimuuguza mpaka ukabaki mifupa, nilikuwa naona. Umeniuliza kama nimeridhia. Hapana mama. Sijaridhia.

Binti yako


Jumamosi, tarehe 9 Mei

Mama, shikamoo tena, hata kama hutaki kuiitikia.

Hujajibu. Nimempigia Mama Pacha, anasema upo, unakula kidogo, unafagia kwa nguvu. Kufagia kwako kwa nguvu nakujua tangu nikiwa mdogo. Wote tulikuwa tunahamia uani.

Lile "hapana" silirudishi. Namna nilivyolisema ndiyo inayoninyima usingizi. Niliandika asubuhi nikiwa nimetoka zamu mbaya. Alfajiri tulimpoteza mzee mmoja, na mkewe aliinuka kwenye kile kiti akanishukuru. Ananishukuru, mama! Ningependa angenipiga. Nikaenda nyumbani, nikashika kalamu, nikakuandikia wewe kana kwamba ndiwe uliyemuua.

Nijibu, hata kwa kunitukana. Matusi yako nayajua, yatanibembeleza.

Mwanao


Jumapili, tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Zote mbili.

Sikutukani. Mwanzo nilikuwa na hasira, hasira ikaisha nikabaki na aibu, na aibu haijui kushika kalamu.

Aliyesema "aaa" ni muuza mikate anayepita mtaani kwetu asubuhi. Fundi hakutaka. Yeye alikuwa ameshajaribu mwenyewe. Alivuta, akasema "aa", ikakatika hapo hapo kama uzi mbovu. Akatabasamu, akasema, "Mtumie hiyo hiyo. Ndiyo niliyo nayo." Mimi ndiye niliyeifuta. Nilikuwa nimekupamba kwake mpaka basi, nikaona na yeye nimpambe kwako. Nimezoea kusifia vya kwangu, sikujua ningefika mpaka kwenye mapafu. Nikamwita muuza mikate ndani, na fundi akakaa ameinamisha kichwa. Kwa hiyo jua: yeye hakukudanganya. Nilikudanganya mimi.

Jibu lako nilimsomea. Hakubisha. Alisema, "Binti ana sikio zuri." Akakunja futi yake ya kupimia, akachukua nyundo na ule mkebe wa misumari midogo aliokuwa akiuacha kwangu makusudi ili apate sababu ya kurudi, akatoka. Nilimsikia akisimama nje ya nyumba ya Mama Pacha. Safari hii sikujidanganya kwamba ni maua.

Nyumba imenyamaza, mwanangu. Kumbe kile kikohozi nilikuwa nimekizoea. Kikilia nje ya mlango nilikuwa naweka maji jikoni kabla hajabisha hodi.

Lakini nami nina neno langu, na leo hunikatizi. Hao wake unaowaona kwenye viti, umewahi kuwauliza? Wewe ni mtu wa usiku. Unawaona usiku tu. Mchana wao huujui. Umeona pindo la nguo, nguo yenyewe hujaiona. Ndiyo, baba yako nilimuuguza mpaka nikabaki mifupa. Na mtu angekuja siku zile akaniambia, inuka, mwingine akae hapo badala yako, ningemrushia sufuria yenye uji wake. Kawaulize. Wakikuambia wanajuta, gauni nitalichoma mwenyewe na majivu nitakutumia.

Mama yako tu


Jumapili, tarehe 14 Juni

Mama yangu, shikamoo. Gauni usilichome.

Nilikwenda kuuliza. Kwenye kitanda cha karibu na mlango tulikuwa na mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu, mashine imempumulia siku nyingi. Mkewe ni kibibi kifupi chenye sauti ndefu. Nilikuwa najaza maji ya mashine, nikamuuliza bila kumtazama: "Bibi, ungejua haya yote siku anakuposa, ungekubali?"

Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mvua. "Nani kakuambia sikujua? Alikohoa hapo hapo anaposa! Mama yangu alinikonyeza nikatae, nikajifanya nina kitu jichoni." Akasogeza kiti. "Unajua kinachonitesa hapa? Hakoromi. Hii mashine yenu inapumua kistaarabu mno, usingizi hauji."

Halafu akaanza. Alivyompakia kwenye lori wakiwa vijana, alivyomfundisha kuendesha kwenye barabara tupu, na jinsi yeye kibibi alivyoligonga lile lori kwenye mlingoti wa bendera wa shule, mzee akashuka akamwambia mwalimu, "Ni mimi, nilisinzia." Mpaka leo, mama, shule ile inaamini ni yeye. Kibibi alicheka mpaka akashika reli ya kitanda. Nilichelewa kwenda kitanda kingine. Mimi, ambaye sijawahi kuchelewa.

Juzi tulimtoa mrija. Kazi hiyo ni yangu. Unamwambia mgonjwa akohoe, unauvuta, unamwekea barakoa ya oksijeni, halafu unasubiri uone kama kifua kitapanda chenyewe. Wakati huo wa kusubiri mimi ndiye huwa sipumui. Kikapanda. Kikapanda tena. Neno lake la kwanza, kwa sauti ya mchanga: "Mama watoto, umelala?" Na kibibi: "Ningelalaje na wewe umeninyamazia?"

Nikaingia chumba cha mashuka nikalia kidogo. Kilio kizuri. Mama, nimekaa na pumzi za watu miaka yote hii, na kumbe ninachokijua ni pumzi tu.

Ndiyo bado sijasema. Nasema hivi: mwite. Mpeleke kliniki akapigwe picha ya kifua, apulize kwenye kipimo, apimwe pia kifua kikuu tusije tukabahatisha. Kochi la mwalimu mkuu litoke dirishani. Makochi ya zamani ayafungulie nje, ayanyunyizie maji kabla ya kuyapiga, na ajifunge barakoa. Sigara aache, hata ile ya mawazo. Na umfundishe kupumua: anuse taratibu kwa pua, kama anayechungulia jikoni kunapikwa nini. Kisha abane midomo atoe taratibu zaidi, kama anayepoza chai. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Halafu anirekodie "aa" yake. Hiyo hiyo aliyo nayo.

Binti yako mwenye sikio


Jumapili, tarehe 12 Julai

Marahaba mwanangu, kifunguamimba, fahari ya tumbo langu! Hujambo? Goti limepona kwa furaha, usiniulize ni dawa gani.

Nilikwenda kumwita mwenyewe. Mwanamke wa rika langu, mchana kweupe, nabisha hodi karakana ya mwanamume, mtaa mzima uko madirishani! Nikamwambia, "Daktari wa pumzi anakuita." Akauliza, "Amekubali?" Nikamwambia, "Hajakubali. Amekuita." Akaweka nyundo chini kama ameitwa ikulu.

Kliniki tulikaa benchi asubuhi nzima, na hakuna aliyeketi karibu nasi akaondoka bila kujua binti yangu ni nani. Daktari, kijana mpole, akasema kifua kikuu hana, tushukuru. Ila mapafu yamechakazwa na vumbi na moshi, na palipochakaa hapawi papya tena. Fundi akajibu, "Hata sponji." Amepewa pampu ya kuvuta dawa kwa mdomo. Daktari alipokuwa akimwonyesha nikamwambia, hapo umeonyesha vizuri, ila mwambie atoe pumzi yote kwanza. Akageuka: "Mama, umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwa barua."

Sigara nimezitumbukiza chooni mbele ya macho yake. Siku za mwanzo alikuwa mkali kama nyigu, akagombana na muuza mikate eti mikate imepungua unene. Sasa ametulia. Kazi anafanyia nje chini ya bati, barakoa usoni, na wateja wamepata adabu, wanamweleza kochi linaumwa wapi.

Na hiyo ya kunusa na kupoza chai! Jioni tunakaa kibarazani tunafanya wote wawili. Mama Pacha amejiunga, na pacha wake, na muuza mikate. Ukipita utadhani mtaa mzima umeungua ulimi.

Sauti yake nimekutumia. Sikuifuta, ingawa vidole viliniwasha. Naye anataka kuweka neno. Namwandikia anavyosema, na nukta naziweka anapopumzika:

"Binti yangu. Habari ya kazi. Sitakuficha. Sitapona. Lakini hata kochi bovu. Likitunzwa. Linakaliwa miaka. Mama yako akinichekesha. Nakohoa. Nimemwambia aendelee. Sauti niliyotuma ni fupi. Lakini ni yangu."

Hayo ndiyo maneno yake. Amekataa nimwongezee.

Mama yako anayesubiri, tena kwa adabu


Jumapili, tarehe 26 Julai

Mama yangu, shikamoo. Na yeye mpe shikamoo yangu, mwambie nimeitoa nimesimama wima.

Nilisikiliza sauti yake wakati wa mapumziko, nimejifungia chumba cha mashuka. Ni fupi kweli. Mwishoni inatetemeka, inakatika, halafu anacheka, na baada ya kicheko chake nakusikia wewe: "Umeweza! Imeishinda ya jana!" Nikarudia hapo. Nikarudia tena. Si kwa ajili ya kifua chake, kifua nilikuwa nimeshakisoma. Ni kwa ajili ya sauti yako. Tangu baba aondoke, ukinipigia unanisifia mimi, unanisifia mimi, mpaka nikasahau kwamba hata wewe unaweza kufurahia kitu chako.

Sasa nikuambie kama ninavyowaambia watu kazini, nimekaa, sijawasimamia. Hatapona, amesema mwenyewe. Kuna usiku ataamka akitafuta hewa kama mtu aliyepoteza ufunguo gizani. Usikimbie huku na huko. Mkalishe, ainame mbele, mikono aiegemeze mezani. Fungua dirisha. Mpe pampu. Kisha kaa mbele yake uanze wewe kupoza chai, polepole, akuangalie akufuate. Ukiona hatulii, au midomo inageuka rangi, hospitali wakati huo huo, msingoje kupambazuke.

Na unipigie. Usiku huo mimi nitakuwa macho, mama. Miaka yote tumelalamika kwamba zamu zangu zinatupishanisha. Saa utakazoogopa peke yako, ndizo saa nilizo kazini nasikiliza.

Nimeridhia. Ndiyo. Nimeitamka kwa sauti hapa chumbani kabla ya kuiandika, jirani wa juu akagonga sakafu. Msomee barua hii mbele ya Mama Pacha, apumzike kufagia.

Likizo nimeomba ya wiki ya tatu ya Septemba, nimepewa. Chagueni siku. Ninaomba tu pasiwe na moshi wala marashi makali, na hotuba ziwe fupi.

Binti yako, mkubwa wa nyumba


Jumapili, tarehe 9 Agosti

Nimemwambia ndiyo! Marahaba mwanangu, hujambo, u mzima, nami mzima, salamu nyingine tutamalizia ukifika.

Nilisoma barua yako kibarazani, wote wapo. Nilipofika kwenye lile neno sauti ikaniganda, mimi ambaye sijawahi kukosa sauti. Fundi akasubiri. Mama Pacha akaninyang'anya karatasi, akalisoma yeye, akalirudia, muuza mikate akalitangaza mpaka barabara kubwa. Fundi akavua kofia. Alitaka kusema kitu, hewa ikamkatalia, nikaanza kupoza chai mbele yake kama ulivyoniandikia. Akanifuata. Ilipomrudia, kumbe alitaka kusema asante tu. Nikamwambia, asante haina haraka, vuta kwanza.

Masharti yako tumeyashika. Mapishi yatakuwa ya gesi, tena nyuma ya nyumba. Marashi nimewapiga marufuku dada zangu wote, mmoja amenuna. Hotuba zimefutwa zote, isipokuwa yangu. Wanawe wawili wamejibu, wanakuja na wake zao. Mkubwa wao alinipigia akaniuliza, "Mama, unajua hali ya kifua cha mzee?" Nikamwambia, "Mwanangu, keti nikufundishe." Gauni limekwisha. Ile nafasi ya kiunoni imetumika.

Watu wananiuliza, harusi gani inaanza jua likielekea kuzama? Nimewajibu: mkubwa wa nyumba hii anafanya kazi ya kuwalinda watu usiku, mchana amezoea kulala, na mimi siolewi binti yangu akiwa anasinzia. Waliotaka asubuhi wameshika adabu.

Basi waambie wote huko. Mwambie mlinzi wa getini, dada ninaye, amenuna lakini yupo. Mwambie yule kibibi na dereva wake, kama mapafu yamekubali safari, kochi la mbele ni lao. Wewe tangulia siku moja, nimekufungia pazia chumbani upate kulala. Na wengine wote, wa huku na wa huko, tunawangoja nyumbani kwetu Jumamosi, tarehe 19 Septemba, saa kumi na moja jioni.

Mama yako, bibi harusi